Walii Hajaamka

Makorora, Tanga
28 Januari 2024

Mwanangu Tuhfa,

Salamu nyingi zikufikie huko Wete, wewe na walimu wenzako. Sisi huku tunavuta pumzi. Mama yako mdogo Mwanamwema goti linamsumbua, ila mdomo haujambo. Kuku wako wa kijivu alitaga, kisha akayala mayai mwenyewe, kwa hiyo tumemla yeye.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule abiria wa boti. Nimefurahi kusikia habari za huyo Fadhil mwenye mikarafuu. Mwambie anaoa kwenye nyumba ya watu. Mwambie ami yako ndiye mpishi wa shughuli ambaye toka Chumbageni mpaka Tongoni hawaozi mtoto wala hawasomi khitma bila kumwuliza ana nafasi lini. Mwambie na ile ya boti. Kama humwambii wewe, nitamwambia mimi: nilikuwa napika pilau Chumbageni, boti ya Pemba imeshang'oa nanga, imeshatoka. Nikafunua sufuria. Upepo ukaichukua ile harufu ukaipeleka baharini. Boti ikageuza. Nahodha akasingizia injini, lakini alionekana mwenyewe kwenye mstari wa sahani, tena alirudia. Hapo sijasema habari ya chatu aliyejiviringisha ndani ya sufuria ya uji nikamtoa kwa mwiko, bila kumwaga hata tone.

Umeniuliza kwa nini simu yangu haipatikani. Nimeizima makusudi. Watu wa mji huu hawajui kumwacha mtu apumzike. Nimekaa na moshi machoni umri wangu wote, leo nikisema nalala kidogo imekuwa kesi. Mwanamwema anafungua madirisha asubuhi kama anayefukuza popo. Mwinyijuma, mwenzangu wa kazi, anakuja kukaa ukingoni mwa kitanda ananitazama kama anayesubiri nigawe urithi. Nimewaambia nimechoka. Mtu haruhusiwi kuchoka?

Hayo mengine tutaongea.

Ami yako,
Maulid

*

Wete, Pemba
9 Februari 2024

Ami yangu Maulid,

Shikamoo. Mimi sijambo, shule imefunguliwa, darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati. Mpe pole mama mdogo kwa goti lake. Kuku nimewasamehe.

Ami, barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jibu. Nimekuta boti na chatu. Jibu sikuliona.

Swali langu lilikuwa moja. Baba hayupo, kaka sina, babu alishatangulia. Walii wangu ni wewe. Nilikuomba uje Pemba Mfunguo Mosi, baada ya Idi, ukae mbele ya Fadhil, umshike mkono, uniozeshe. Utakuja au hutakuja? Huku watu wanataka kujua tarehe, na mama yake Fadhil ni mtu wa kuuliza kila akiniona sokoni.

Jingine. Mama mdogo ananieleza mambo. Anasema tangu msimu wa maulidi hujapika shughuli hata moja. Anasema masufuria yako makubwa yako uani yamejaa maji ya mvua, na kwenye maji yale kuna viluwiluwi. Mimi nilikulia uani hapo. Sijapata kuona sufuria yako ikilala na uchafu, uliwahi kunichapa kwa sababu ya mfuniko. Nikipiga kwenye simu yake akikupa, unajifanya umelala. Nakusikia unavyopumua, ami. Mtu aliyelala hapumui kwa kusikiliza.

Unaumwa? Kama unaumwa sema unaumwa nini.

Mwanao,
Tuhfa

*

Makorora
2 Machi 2024

Mwanangu Tuhfa,

Tunamshukuru Mungu. Mvua za vuli zimekwisha, paa limeacha kuvuja lenyewe. Mjukuu wa jirani amepata kazi bandarini, wamesherehekea kwa biriani iliyopikwa na Mwinyijuma, na mimi nililetewa sahani humu ndani. Mchele ulikuwa haujakauka. Sikusema kitu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli nyingi.

Sasa nisikilize. Mwanamwema ana ulimi mrefu na wewe una masikio marefu, mnafaana. Tangu umwulize hayo maswali yako, nyumba hii haina amani. Kila anayepita barabarani anaingia kunitibu. Mmoja kaniletea maji ya kombe yaliyooshewa aya za Kurani, nimekunywa, nikalala. Mwingine kasema nina jini wa Kipemba, na ni wewe uliyenitumia ndani ya bahasha. Mwingine kasema dawa yangu ni mke wa pili, akalisema mbele ya Mwanamwema. Huyo hapitii tena mlango huu. Imamu kaniambia nizidishe kuswali. Fundi wa baiskeli kaniambia nizidishe kutembea. Wote wanamaliza kwa maneno yaleyale: jikaze, Maulid, wewe ni mwanamume. Mimi niliyemtoa chatu kwa mwiko, leo nafundishwa kujikaza na mtu anayeogopa bata.

Nimechoka na kupendwa hivi.

Kuhusu hilo jambo lako, nimelifikiria. Huko Wete kuna kadhi. Kadhi ana mamlaka ya kumwozesha mwanamke. Mwambie akuozeshe yeye, mambo yaishe, mimi nitawaombea dua nikiwa huku. Ni njia nzuri, ya kisasa, haina gharama za safari.

Ami yako,
Maulid

*

Wete
8 Machi 2024

Ami,

Shikamoo. Sisi wazima. Ramadhani hiyo inaingia, niwatakie saumu njema wewe na mama mdogo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kadhi anamwozesha asiye na mtu. Mimi ninaye mtu. Yuko Makorora, chumba cha kushoto, amejifunika shuka mpaka kichwani saa nne ya asubuhi. Unataka niende kwa kadhi niseme sina ndugu wa kuniozesha? Niseme umekufa? Au niseme umekataa? Maana nikisema umekataa watauliza Fadhil ana kasoro gani, na huku kila mtu anamjua mwenzake.

Hilo siwezi. Nimemwambia Fadhil kwamba ndoa inangoja mpaka ami yangu aseme kwa nini hataki kuja. Fadhil amekubali kungoja. Mama yake hajakubali. Amesema mwenye mwana asiyetaka kuoza asingeruhusu posa. Jibu la hilo unalo wewe.

Nimeuliza daktari mmoja huku, nikamweleza kama habari ya mtu mwingine. Kulala sana, kutokula, kutooga, kuacha kazi aliyoipenda. Akasema huo ni ugonjwa unaoitwa sonona, na una dawa, na hospitali yenu hapo Tanga ina kliniki yake. Mama mdogo anajua ilipo. Nenda.

Sitakuandikia tena mpaka unijibu. Na sitaki boti.

Tuhfa

*

Makorora
19 Aprili 2024

Mwanangu Tuhfa,

Idi imepita, Mungu atukubalie saumu zetu. Wengine walianza kufunga mwezi ulipoandama. Mimi Ramadhani ilinikuta nimeshafunga siku nyingi, ila bila nia. Mwanamwema alinishonea kanzu, nikaivaa ikaning'inia kama iko kwenye kamba. Goti lake limepata nafuu, ahsante kwa ile dawa ya kuchua uliyotuma.

Barua yako imekaa chini ya mto tangu kabla ya mfungo. Umeniudhi, na uliyoyaandika ni kweli, na hilo limezidi kuniudhi.

Unataka niseme. Haya.

Shida ni kwamba hakuna cha kusema. Wote wanaokuja wananiuliza nini kimetokea, na mimi ni mtu wa kueleza yaliyotokea, unanijua. Ningekuwa na chatu ningekupa chatu. Hili halina chatu. Hakufa mtu. Haikuungua sufuria. Sikutukanwa. Nilikuwa nakata vitunguu kwenye harusi ya Tongoni, nikaweka kisu chini, nikakitazama, sikuona sababu ya kukiokota. Mwinyijuma akasema, "Mghosi, bwana wangu, wali utaungua." Nikamwambia palia makaa wewe. Nikarudi nyumbani nikalala. Ndiyo hadithi yote. Ungesimuliwa na mtu mwingine ungemcheka.

Asubuhi naamka nimechoka kama niliyeshusha magunia. Naona kandambili zangu pale chini, kuzivaa naona ni safari. Chakula hakina ladha, kama ninatafuna karatasi. Na hilo ulilomwuliza Mwanamwema kwenye simu kwa sauti ya chini, nililisikia. Hapana. Sijafika huko. Msiniondolee tena kamba ya kisima, Mwanamwema anachota maji kwa shida.

Sasa kuhusu hospitali, usinisukume, maana wewe ndiye unayenizuia. Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini chuo cha Kurani nilikisoma, na fimbo za maalim ninazo mgongoni. Walii sharti awe na akili timamu. Hilo tulilisoma kwa kuimba. Ile kliniki unayonipeleka imeandikwa mlangoni ni ya magonjwa ya akili. Nikiingia pale nikaandikwa jina, nimeshakuwa mgonjwa wa akili. Nikija kukuozesha, ndoa yako batili. Utakaa na Fadhil kwa haramu, uzae, watoto wako waje waambiwe babu aliyemwoza mama yao alikuwa mwendawazimu. Kwa hiyo hospitali siendi mpaka nikuozeshe. Na kukuozesha siwezi kuja, kwa sababu siwezi kuinuka. Ndiyo maana nikakuambia kadhi. Nilikuwa nakutengenezea njia, wewe ukanitukana.

Umefurahi sasa?

Maulid

*

Wete
24 Aprili 2024

Ami yangu,

Shikamoo. Nimelia, halafu nimekasirika, na sasa nakuandikia nikiwa bado nimekasirika.

Miezi yote hii. Miezi yote hii umelala na fatwa uliyojitolea mwenyewe, chini ya shuka, bila kumwuliza mtu. Imamu alikuja mpaka chumbani kwako akakaa kwenye kiti, na hukumwuliza. Ulimwacha akuambie uzidishe kuswali akaenda zake. Nina watoto wa darasa la kwanza wanaonyoosha mkono wakiwa hawajui. Wewe huwezi kunyoosha mkono?

Nimekwenda kwa sheikh wetu huku, mzee aliyesomesha nusu ya Wete. Nimemweleza kila kitu. Akaniuliza, "Huyo ami yako anajua yuko mji gani?" Nikasema anajua. "Anamjua mkewe?" Nikasema anamjua na anagombana naye. "Anajua maana ya kukuozesha?" Nikamsomea barua yako. Akaivua miwani yake, akaifuta.

Akasema asiyefaa ni yule asiyejua anachokisema. Mwenye huzuni anajua sana, ndicho kinachomwumiza. Akasema mtu akishikwa na homa mkono ukatetemeka, haambiwi mkono si wake. Kisha akasema, niandike hivi hivi: mtu aliyekataa kutibiwa kwa kuogopea ndoa ya mwanawe, akili anayo, tena ana ya kuwagawia wengine, alichokosa ni mtu wa kumwambia. Na kuandikwa jina hospitalini hakubatilishi ndoa ya mtu yeyote.

Basi. Kisingizio kimekwisha, kilikuwa kizuri. Jumanne Mwinyijuma atakuja na bodaboda. Nimeshaongea naye. Ukikataa kuvaa kandambili atakubeba pekupeku, na nimemruhusu.

Mwanao anayekungoja,
Tuhfa

*

Makorora
20 Mei 2024

Mwanangu Tuhfa,

Salamu kwako, kwa Fadhil, kwa mama yake mwenye maswali, na kwa sheikh. Mwambie nimekubali ushauri wake, amesoma.

Nilikwenda. Na sasa kaa ukijua kwamba nimepona. Daktari mwenyewe kashangaa, kasema katika kazi yake hajapata kuona mwili unaoshika dawa haraka hivi. Kuna muuguzi pale anaitwa Bertha, binti wa Lushoto, Mlutheri, mtu wa heshima. Nilimsimulia ile ya boti, akacheka mpaka akawaita wenzake, kliniki nzima ikasimama. Wagonjwa wawili wakapona palepale kwa kusikiliza tu. Vidonge nilimeza siku za mwanzo, ugonjwa ukakimbia kama mwizi aliyesikia filimbi. Naamka alfajiri. Nakula vizuri. Masufuria yote nimeyasugua, yanang'aa mpaka paka anajiona.

Pangeni tarehe. Nitakuja na kupika nitapika mimi, biriani ya watu wa kisiwa kizima, na nitaipalia kwa mkaa wa mkarafuu.

Ami yako,
Maulid

*

Wete
4 Juni 2024

Ami,

Shikamoo. Huku wazima, karafuu zimeanza kuonyesha dalili nzuri, Fadhil anashinda shambani.

Barua yako ilinifikia nikiwa darasani. Nilipofika kwenye yule paka nikajua umeacha dawa.

Nimempigia mama mdogo. Alikuwa amekaa pembeni yako siku ile kliniki. Anasema ulimsimulia Bertha ile ya boti yote, na nahodha, na sahani ya pili. Bertha hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimeisikia, baba. Na jana ulikula nini?" Ukalia, kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze. Akakupa maji akakungoja. Mbona hilo hukuniandikia? Lilikuwa zuri kuliko wagonjwa wawili waliopona.

Anasema vidonge ulimeza kama wiki mbili, ukaona kinywa kinakauka na huzuni iko palepale, ukavificha ndani ya birika la zamani. Daktari alikwambia dawa hii inachelewa kushika. Ami, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukifunua biriani kila dakika haitaiva. Ulinipiga mkono nilipogusa mfuniko. Sasa unafunua nini?

Tarehe sijapanga. Sitaki biriani. Mahari tumeshaafikiana, ya kwangu ni madogo, mlo tutapika sisi. Nataka mtu aliyekaa. Akiwa amekonda, akiwa hajacheka, akiwa hana la kusimulia, akae tu.

Usiniandikie kwamba umepona. Niandikie ulichofanya.

Tuhfa

*

Makorora
14 Julai 2024

Mwanangu Tuhfa,

Salamu. Mwanamwema anakusalimu, ameketi hapa anasoma ninayoandika, na kila sentensi anaguna kama karani wa mahakama. Amenikataza kuandika kwamba naamka alfajiri. Naamka saa mbili. Kuna siku saa nne.

Kliniki nilirudi. Nilijua Bertha atanigombeza, nikaandaa maneno ya kujitetea toka nyumbani. Hakunigombeza. Akaandika, akasema tuanze tena. Nimekasirika njia nzima, maneno yangu yote yamebaki mdomoni, na mdomo wenyewe mkavu.

Ameniambia kila siku nifanye jambo moja dogo. Mimi, niliyelisha watu mpaka wakalala barazani, naambiwa nioshe kikombe. Nikaosha kikombe. Mwinyijuma anakuja asubuhi tunatembea mpaka kwa muuza mkaa tunarudi. Haongei, nimemshukuru kwa hilo, ila ana tabia ya kupiga miluzi. Namvumilia. Siku nyingine namfukuza, na kesho yake anakuja tena kama hakusikia. Masufuria tumeanza na lile dogo. Makubwa bado, ila maji tumemwaga.

Kidonge nameza mbele ya Mwanamwema, ananikagua ulimi kama mtoto. Ni udhalilishaji. Nameza.

Wiki iliyopita palikuwa na khitma mtaa wa nyuma. Mwinyijuma akasema hanitaki nipike, nikae tu kwenye kigoda karibu na moto nimlindie mwiko. Nikakaa. Moshi ukaniingia machoni. Akapita, akanipa mchuzi kwa upawa, wala hakuniuliza. Nikasema chumvi imepungua. Akaongeza. Nikaonja tena. Tuhfa, nilikuwa naonja. Sijui nikueleze vipi, nimezoea kueleza makubwa. Ilikuwa chumvi. Baadaye nikachoka nikarudi kulala kabla hawajapakua, na siku ya pili yake ilikuwa mbaya. Lakini ya tatu niliinuka.

Sijapona. Bertha anasema huenda hali ikarudi hata nikiwa mzima, na ikirudi nimwambie mtu mapema badala ya kujifunika. Nimemwambia kwenye familia yetu kuna mwalimu wa darasa la kwanza, atanifundisha kunyoosha mkono.

Panga tarehe. Isiwe asubuhi. Nitakuja na Mwanamwema na Mwinyijuma, na vidonge ndani ya mfuko wa kanzu. Mama yake Fadhil akiuliza mbona walii kakonda hivi, mwambie alikuwa anaumwa na anatibiwa. Sema hivyohivyo, ugonjwa wenyewe utaje. Nimeshawaambia hata hapa mtaani, nikapata wanaume wawili waliokuja baadaye, kila mmoja kwa wakati wake, kuniuliza kliniki iko upande gani. Mwanamwema ameguna hapo, lakini hilo ni kweli, mwulize.

Maneno ya kuozesha nayafanyia mazoezi. Mwinyijuma anakaa mbele yangu awe Fadhil, namshika mkono. Mara ya kwanza nilikwama katikati, akaniacha nimshike tu tukakaa. Mara ya pili nikaliingiza jina la marehemu kaka Bakar nikalia. Jana niliyasema. Nimekuozesha Tuhfa binti Bakar kwa mahari mliyoafikiana. Niliyasema yote, toka mwanzo mpaka mwisho, na sikuongeza neno.

Ami yako,
Maulid